Udongo wa Sanduku la Pishoni

Bibi Mazali alikata roho alfajiri, na kabla taa za asubuhi hazijawashwa zote, mumewe alikuwa mlangoni kwangu na ufunguo mkononi.

"Shikamoo, Babu Saadya. Pole sana."

"Marahaba. Nimeshapoa," alisema, akininyooshea ufunguo. "Mikono hii leo haitashika kijiko. Utampimia wewe."

Kwa miaka arobaini na moja hakuna mtu mwingine aliyefungua lile sanduku. Watoto wa Pishoni tulifundishwa kulibusu kabla ya kufundishwa kusoma. Kwetu mtu akifa huzikwa siku hiyohiyo, kabla jua halijazama, kwa sanda tupu, na chini ya kichwa chake huwekwa vijiko vitatu vya udongo wa Yerusalemu. Sisi Wayahudi wa Arusha tuliipokea desturi hiyo kwa wazee waliotoka Adeni, nao waliipokea kwa wazee waliotoka mji wa Sanaa. Mwili ukishindwa kurudi nyumbani, basi nyumbani kuufuate mwili. Mvua zilipoihama Arusha na nchi zote zikafunga milango, Mirihi peke yake ndiyo iliyokuwa inatafuta wakulima. Wazee wetu wakaja wakaanzisha Pishoni, na katika mizigo michache waliyoruhusiwa walipakia debe zima la udongo wa kuwazikia watu wao, nao ukawekwa katika sanduku lile.

Nami ndiye niliyeuimba udongo huo. Hakuna aliyenifundisha kutunga. Nilijifunza mwenyewe, kwa kuhesabu mizani vidoleni huku nikisikiliza rekodi za zamani, na nilipokuwa na miaka kumi na sita nikatunga ubeti ambao tangu siku hiyo unaimbwa kwenye kila kaburi la Pishoni:

*Tulitoka twalilia,*
*mawe tumeyaachia,*
*konzi tukakumbatia,*
*mto wetu kaburini.*

Wafu thelathini na mmoja wameshushwa kwa maneno hayo. Wa thelathini na mmoja alikuwa mama yangu, Naama, miezi kumi na moja iliyopita.

Basi nilipoupokea ufunguo, sikutetemeka. Nilijiona nimestahili.

*

Chumba cha sanduku ni kidogo kama kabati. Kiunoni nilikuwa na kinusi, chombo changu cha kazi. Mimi ni mpimaji udongo wa kitalu, na kinusi ni bomba dogo lenye kioo kwenye mpini. Ukikichomeka udongoni kinavuta punje chache na kusoma kila kilichomo chenye uhai: bakteria, kuvu, mbegu zisizoonekana kwa macho. Hata vilivyokufa kinavisoma, maana hata mdudu asiyeonekana huacha mabaki yake. Kinataja pia udongo wenyewe umetokana na nini. Hakuna udongo wenye wakazi sawasawa na wa mwingine. Ukinipa konzi mbili, moja ya Meru na moja ya Karatu, nitakwambia ipi ni ipi kabla chai haijapoa.

Sikukichukua ili kumpeleleza mtu, na hilo nataka lijulikane. Nilitaka ubeti mpya. Ndani ya kifuniko cha sanduku pamebandikwa karatasi ya wakaguzi wa safari, yenye orodha ya kila kilichokuwa hai ndani ya debe lile siku lilipopakiwa: aina elfu moja, mia moja na kumi na mbili. Nilifikiri, nikiwajua kwa majina wakazi wa udongo wa mababu, nitamtungia Bibi Mazali kitu ambacho hakijawahi kutungwa. Nikaipiga picha ile orodha na kuilisha kinusi. Kisha nikakichomeka katika udongo mkavu wa kahawia.

Kioo kiliandika: *Hakuna uhai. Hakuna mabaki.*

Nikakifuta kwa shati nikachomeka tena, chini zaidi, hadi sakafu ya sanduku.

*Vumbi la Mirihi. Majivu ya maganda ya kahawa.*

Nikakaa chini. Nakumbuka nililamba kidole changu chenye vumbi lile, kama mtoto. Lilikuwa na ladha ya jiko.

*

Njia fupi ya kwenda chumba cha kuoshea maiti inapita kitaluni. Ni ekari thelathini chini ya kuba moja, na wakati ule ngano ilikuwa imevunwa nusu, matuta meusi yakingoja mbegu. Naftali, mkuu wa kitalu, alikuwa amesimama katikati na mabuti yake ya mpira, tope hadi magotini. Huyu ndiye anayetuongoza pia katika sala. Hajawahi kukosea hata nukta moja ya sheria, na hajawahi kumwacha mtu mwingine akosee.

"Mshairi!" aliita. "Mbona unatembea kama umemeza jembe? Pole na msiba. Umeshampimia Bibi?"

"Bado."

"Jua halina adabu, halitakusubiri utafute vina."

Nilikuwa nimeinama, maana kinusi kilikuwa kinalia. Kilikuwa kinaning'inia kiunoni, na nilipochuchumaa kuvuka bomba la maji ncha yake iligusa tuta. Bado kilikuwa na ile orodha ya sanduku.

*Unalingana. Tisini na sita kwa mia.*

Nilidhani kimeharibika. Nikakigusisha kwenye tuta la pili. Tisini na tano. La tatu, la nane, la mwisho karibu na ukuta, mahali pa vitunguu. Tisini na sita. Kila wiki kwa miaka sita nimeupima udongo huu, lakini sikuwahi kuulinganisha na orodha ya sanduku. Nani angefikiri?

"Kuna ugonjwa?" Naftali aliuliza, sauti imebadilika.

"Hakuna ugonjwa," nilisema. Sikujua nikanyage wapi.

*

Babu Saadya alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya chumba cha kuoshea. Ukosi wa shati lake ulikuwa umechanwa, kama inavyompasa mfiwa. Ndani, maji yalikuwa yanamwagwa polepole na wanawake walikuwa wakinong'ona sala.

"Saadya," nilisema.

Hakuuliza kwa nini nimemwita kama ninavyomwita rika langu. Alikitazama kinusi tu.

"Umekwenda na hicho kidude chako."

"Mama yangu amelalia nini?"

"Funga mlango wa ukumbi kwanza, mwanangu."

"Sifungi. Nimekuuliza, mama yangu amelalia nini?"

Akavuta pumzi. "Vumbi. Na majivu kidogo, ili lipate rangi."

Nilitegemea atabisha. Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi, nilikuwa na hasira ya kutosha kwa ubishi wa siku tatu. Nilipokosa mtu wa kubishana naye, hasira yote ilinirudia kifuani.

"Mwaka wa pili ngano ilikufa mara tatu," alisema. "Udongo wa hapa una chumvi ya sumu, wewe unajua kuliko mimi. Mbegu inachipua siku nne, ya tano inanyauka. Bakteria tuliopewa wa kuila ile chumvi waliganda safarini wakafa. Chombo kingine kilikuwa miezi kumi na minne mbali. Mtaalamu wetu akasema tunahitaji udongo hai, hata debe moja tu, wa kuanzishia, kama hamira kwenye unga. Sote tukatazama sakafu, maana debe moja lilikuwepo na sote tulijua lilipo."

"Mkalimwaga."

"Tulikaa wazee sita siku tatu tunabishana. Siku ya tatu tulikuwa bado tunabishana, na ufunguo haukuwa kiunoni mwangu." Akaelekeza kichwa kwenye mlango wa chumba cha kuoshea. "Nilimkuta kwenye tuta la kwanza, amepiga magoti, mikono imezama hadi viwikoni. Akaniambia, 'Waliokufa watanisamehe, Saadya. Hawa watoto bado hawajafa.' Mama yako alikuwa na miaka mitano. Tumbo lake lilikuwa kama ngoma."

Bibi Mazali. Ndiye aliyenishika kisogo nilipokuwa mdogo akanisogeza nilibusu sanduku. Akaniuliza kama nimeisikia harufu ya Yerusalemu, nami nikasema ndiyo.

"Basi mngesema!" Nilipiga ukuta kwa kiganja. "Mngesema tu! Nani angewalaumu? Mmefufua watu mia kwa debe moja, mnaona haya ya nini?"

"Wewe usingelaumu. Naftali je?"

"Naftali angefanya nini?"

"Angesoma sheria." Kwa mara ya kwanza alinitazama usoni. "Kwa sheria yetu, nchi ile ya Yerusalemu hupumzika kila mwaka wa saba. Hakuna jembe, hakuna mbegu. Sisi tuliotawanyika hatukufungwa na sheria hiyo, kwa sababu ardhi tuliyoilima haikuwa ile. Sasa udongo wenyewe ukiwa ndio ule? Wataalamu wa sheria wa zamani walibishana kama udongo wa chungu kimoja cha mche, kilichopakiwa melini, bado ni wa nchi ile. Sisi tuna ekari thelathini."

"Mngewauliza marabi wa duniani."

"Na wakijibu pumzisheni? Hao wako duniani, wana soko nje ya mlango. Swali ukishaliuliza huna ruhusa ya kulikataa jibu. Tukaapa sita tusiliulize. Watano wameshazikwa." Akapangusa pua kwa mkono wa shati. "Mwaka wa saba unaingia lini, Mshairi?"

Nilijua. Kila mtu alijua, ingawa hapa haukuwa na maana yoyote zaidi ya tarehe kwenye kalenda. "Siku kumi na tisa."

"Ghala lina ngano ya miezi minne. Tuko mia nne na wanane. Mia nne na saba," alijisahihisha.

Mtu mwingine angemshika bega. Mimi sikumshika.

"Mama alipokuwa anakufa aliomba kifuko cha udongo wa kuzikiwa akinuse," nilisema. "Ulikuwepo, ulikaa upande wa miguu. Alinusa akasema, 'Unanukia kama jikoni kwa bibi yangu.' Alifurahi. Alifikiri ameisikia harufu ya nchi. Na wewe ulitikisa kichwa ukasema, 'Ndiyo, Naama, ndivyo kunavyonukia.' Majivu ya kahawa, Saadya!"

"Alikufa kwa amani."

"Alikufa akidanganywa! Na mimi ndiye niliyemwekea kichwani kwa mikono hii, nikaimba. Uliniacha niimbe miaka minane. Ulikuwa unasikiliza maneno yangu huku ukijua."

"Yalikuwa maneno mazuri."

"Yalikuwa uongo, na mwongo hakuwa wewe peke yako. Umenifanya mimi niwe mdomo wako."

Mlango ulifunguliwa. Zipora, binti wa shangazi yangu, alitokeza kichwa, mikono yake inadondoka maji.

"Nyie mna akili? Sauti zenu zinafika mpaka huku. Mnataka Bibi aamke aje kuwaamulia? Hemani, uko wapi udongo? Tumeshamvisha."

"Unakuja," nilisema.

Aliporudi ndani, Babu Saadya alinishika mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi.

"Mwekee kilichomo sandukuni. Nipe siku saba za matanga, kisha nitasema mwenyewe mbele ya wote. Nakuomba kama mzazi."

"Ulikuwa na miaka arobaini na moja," nilisema, nikautoa mkono wangu.

*

Nilirudi kwa njia ya kitaluni. Vibarua walikuwa wameshaondoka kwenda kujiandaa kwa maziko. Nilisimama kwenye tuta la kwanza, lile la karibu na tangi la maji, na nikajiuliza swali moja kwa njia zote nilizoweza. Nikinyamaza, watu watakula, na kila atakayekufa atalalia jivu la kahawa nami nikiimba. Nikisema, pengine watoto wa Zipora watalala na njaa, na watajua jina la aliyewalaza nayo.

Ningependa kuandika kwamba nilipima mambo kwa haki. Sikupima. Niliiona sura ya mama yangu na kile kifuko puani. Nikapiga magoti nikachota konzi moja, nyeusi, mbichi, yenye uzi wa mzizi wa ngano ndani yake.

Makaburi yetu yamechongwa kwenye mwamba, katika pango lenye hewa nyuma ya kuba. Watu walijaa hadi kwenye njia. Bibi Mazali alikuwa mdogo ndani ya sanda kuliko alivyokuwa hai. Naftali alianza kuzitaja safari, kama tunavyofanya kwa kila maiti, na watu wakajibu.

"Yerusalemu."

"Tukatolewa."

"Babeli."

"Tukachukuliwa."

"Sanaa."

"Tukatoka."

"Adeni."

"Tukatoka."

"Arusha."

"Tukaondoka."

"Pishoni."

"Tupo."

Nikashuka kaburini. Nikainua kile kichwa chepesi na kuweka konzi yangu chini yake. Ilikuwa mbichi mno, ikaacha doa kwenye sanda. Waliokuwa mbele wakaliona.

"Hemani," Naftali alisema kwa upole, akidhani nimechanganyikiwa. "Huo wa wapi?"

Nilimtafuta Babu Saadya kwa macho. Alikuwa ameinamisha kichwa, ukosi uliochanika ukimning'inia, wala hakunizuia.

"Wa kitaluni," nilisema. "Ni uleule. Sandukuni mna vumbi."

Kisha nikayasema yote, nikiwa nimesimama kaburini, shingo imeinuka. Nilisema kuhusu ngano iliyokufa mara tatu na wazee sita na mikono iliyozama hadi viwikoni. Nilisema wafu waliolalia udongo wa kweli hawazidi watatu, wale wa mwaka wa kwanza. Nilisema mama yangu si mmoja wao. Zipora alikuwa amefunika mdomo. Mwanamume mmoja nyuma, ambaye alimzika mwanawe mwaka juzi, alianza kupiga kelele jina la Saadya, na ndugu zake wakamshika. Mtu mwingine alicheka, kicheko kibaya, kisha akalia.

Naftali hakupiga kelele. Alikuwa anatazama chini, kwenye mabuti yake. Hakuwa amepata muda wa kuyavua, na tope la asubuhi lilikuwa limekauka hadi magotini. Kisha akakaa kwenye mwamba, akavua buti moja, akavua la pili, akayaweka mapajani kama mtu aliyebeba watoto pacha.

"Miaka thelathini na minne," alisema, "nimeikanyaga nchi takatifu kwa haya."

Akaanza kulia. Na akiwa bado analia, akasema lile nililojua atalisema: "Siku kumi na tisa."

Hakuna aliyeniomba niimbe. Tulimfukia Bibi Mazali kimya, kila mtu kwa koleo lake, na Babu Saadya akasema sala ya wafiwa, na watu waliomjibu walikuwa kumi na mmoja.

Walipoondoka nilichota konzi nyingine kitaluni, nikaenda kwenye kaburi la mama. Nilibandua mawe upande wa kichwa nikachimba kwa vidole hadi kucha zikauma. Sikufika kwake, mwamba hauruhusu. Nikasukuma konzi ya pili ndani ya ufa mahali nilipofika, na nikamwambia kwamba huu haunukii kahawa.

*

Asubuhi kengele ya kazi ililia kama kawaida. Nilitoka nikawakuta watu wote mlangoni pa kitalu. Viatu vilikuwa vimepangwa ukutani kwa safu ndefu, mamia ya jozi, vya watoto na vya wakubwa. Watu walikuwa wamesimama peku kwenye kizingiti, na hakuna aliyevuka. Majembe yalikuwa yameegemezwa. Mbegu zilikuwa kwenye magunia zinangoja. Zilipaswa kuwa ardhini kabla ya wiki kwisha.

Zipora alikuwa amembeba mwanawe wa mwisho. "Haya, Mshairi," aliniambia, sauti yake haina utani. "Umetupa nchi. Tunaingia au hatuingii?"

Kabla sijajibu watu walipisha. Babu Saadya alikuja, shati lilelile lililochanwa, mabuti miguuni. Mfiwa hatakiwi kufanya kazi siku saba, na kila mtu pale alilijua hilo. Hakumtazama yeyote. Alichukua jembe, akavuka kizingiti kwa mabuti yake, akatembea hadi tuta la kwanza karibu na tangi. Akainua. Jembe likaingia.

Wengine waliguna kama waliochomwa. Likaingia tena. Lilikuwa ndilo jembe pekee lililosikika ndani ya kuba lote, na mzee mwenyewe alikuwa anahema.

Sikuwa nimemsamehe. Sijamsamehe hata leo ninapoandika. Nilisimama pale na viatu vyangu mkononi, nikingoja mtu amfuate au amzuie. Nikamwangalia Naftali, ambaye angejua la kufanya. Nikaangalia safu nzima, uso baada ya uso.

Hakuna aliyekuwa anamtazama Saadya. Walikuwa wananitazama mimi.